Sabato moja Suji, na gitaa lililobakiwa na nyuzi tano

Begi la gitaa likiwa tupu halina uzito, ila linachukua nafasi. Ndilo lililomfanya kondakta wa basi dogo pale stendi ya Same aanze maneno: begi hilo litalipiwa nauli yake au litakaa mapajani? Kijana aliyelibeba, wa miaka 26, akalipakata. Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi, jua la Same limeshawaka na upepo unapeperusha vumbi juu ya meza za wauza matunda. Alikuwa ametumwa Suji kuchukua gitaa la babu yake, alilete mjini likauzwe.

Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, mpiga gitaa wa kwaya moja hapo Same, na bei ilishakubaliwa kwa simu: shilingi 120,000. Fedha hizo zilikuwa na kazi yake. Zilikuwa zinunue dawa za presha za babu kwa miezi kadhaa na kulipia safari mbili za kliniki Moshi. Babu mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la kuuza. Ni mwalimu mstaafu wa miaka 71, na kwa kuwa familia imeomba majina yasiandikwe, hapa ataitwa Mwalimu, kama anavyoitwa na kijiji kizima.

Wasafiri wengi wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha wanaifahamu Same kama mahali pa kununua maji na kunyoosha miguu. Milima inaonekana nyuma ya mji, mikavu, ya rangi ya kahawia, na mtu anaweza kupita hapo miaka 20 asijue kwamba juu kuna migomba, maji baridi na ukungu. Wapare wenyewe wameuzoea mji huu kama mahali pa kushukia ukiwa na shida ya kiserikali. Mwaka 1945 walishuka maelfu kwa maelfu, na ngoma zao, wakaja kukaa Same kuipinga kodi mpya ya mkoloni iliyoitwa mbiru. Hawakuja na mikuki. Walikuja kukaa, na walikaa sana, na hatimaye kodi ile ikaondolewa. Neno hilo, kodi, litarudi tena katika safari hii kwa maana nyingine kabisa.

Kutoka Same basi linarudi upande wa Dar es Salaam kupitia tambarare mpaka Makanya. Hapo kuna vumbi jeupe la jasi inayochimbwa jirani, kuna mkonge, na kuna joto linalomfanya mtu atafute kivuli cha lori. Gari la kupanda Suji linaondoka likijaa, na kwa kawaida linajaa kwa magunia kabla ya watu. Begi la gitaa lilifungwa juu, katikati ya mabati mawili na ndoo ya mafuta ya kupikia.

Barabara inapanda kwa kona. Kila kona joto linapungua kidogo, na udongo unabadilika kutoka mweupe kuwa mwekundu. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mlimani. Upare Kusini una mabwawa ya asili yaitwayo ndiva, ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, kila shamba na saa yake. Ni utaratibu wa zamani kuliko serikali yoyote iliyowahi kukaa Same. Ukigeuka nyuma, tambarare za Simanjiro zimelala huko magharibi mpaka macho yanachoka. Juu zaidi, upande wa msitu wa Chome, kuna kilele cha Shengena, mita 2,462, ambacho siku nyingi hujifunika kwa wingu.

Gari lilifika Suji saa tisa alasiri. Ijumaa alasiri huku si wakati wa kupiga hadithi. Wamisionari wa kwanza wa Kiadventista waliingia milima hii mwaka 1903 na kuweka kituo chao Giti, na kanisa hilo likaanzia huku kabla ya kuenea sehemu nyingine za nchi. Mpaka leo, kwa familia nyingi za hapa, jua la Ijumaa likizama kazi inasimama. Hakuna kuuza wala kununua mpaka jua la Jumamosi lizame. Kwa hiyo alasiri ile kila nyumba ilikuwa na moshi: makande ya kesho yanachemka leo, nguo za kanisani zinapigwa pasi leo, kuni zinaingizwa leo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na begi?"

"Nimekuja nalo."

"Basi limeshachelewa. Jua hilo linashuka. Gitaa litaondoka Jumapili."

Bibi, aliyekuwa akikoroga makande, hakusema neno, lakini mjukuu aliona ametabasamu kuelekea kwenye chungu.

Mwalimu alipata kiharusi mwaka uliotangulia, kabla ya mvua za vuli. Aliamka alfajiri akashindwa kufunga kifungo cha shati, na mdomo ukawa umevutwa upande mmoja. Familia ilimfikisha hospitali siku hiyo hiyo, jambo ambalo kwa mtu wa mlimani si dogo. Watu hudhani kiharusi ni ugonjwa wa mjini, wa watu wa maofisini na chipsi. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, mkoa huu huu wa Kilimanjaro, na Dar es Salaam, ulikuta ugonjwa huo vijijini pia, na kwa kiwango kilichowashangaza wengi. Sababu kubwa ni ile ile, presha isiyopimwa. Mwalimu hakuwa amepimwa kwa miaka sita.

Mguu ulirudi, sasa anatembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto ndio uliobaki nyuma. Vidole vinafumba pamoja na kufunguka pamoja, kama mlango. Kidole kimoja kimoja hakisikii amri, isipokuwa cha shahada, nacho kwa taabu. Na mkono wa kushoto ndio mkono wa gitaa. Wa kulia unakung'uta nyuzi tu, wa kushoto ndio unaozibonyeza shingoni, kati ya vile vyuma vidogo vinavyoitwa freti, ili zitoke sauti kadhaa zinazopatana kwa mpigo mmoja. Mpangilio huo wa sauti wapigaji huuita kodi. Ipo kodi moja, ya F, ambayo kidole cha shahada hulala juu ya nyuzi zote sita huku vidole vingine vitatu vikibonyeza kila kimoja mahali pake. Hata mwenye afya huilaani wiki za mwanzo.

Baada ya kutoka hospitali Mwalimu alijaribu mara mbili. Mara ya tatu uzi mnene ukakatika, akalitundika gitaa ukutani, na jioni ya kufungua Sabato, ambayo kwa miaka zaidi ya 40 aliifungua kwa gitaa huku mkewe akiimba, ikawa ya kuimba peke yake bibi. Kwa wiki kadhaa Mwalimu alikuwa akienda kulala kabla ya wimbo.

Mjukuu alikuwa amenunua seti ya nyuzi mpya Same, ili mnunuzi asipate sababu ya kushusha bei. Akaliteremsha gitaa, akalifuta vumbi, akafunga nyuzi tano. Alipokuwa akikaza wa sita, ule mnene, akakumbuka video aliyowahi kuona kwenye simu, ya mzungu mmoja mpiga gitaa wa The Rolling Stones, Keith Richards, ambaye tangu miaka ya mwisho ya 1960 nyimbo nyingi amezipiga kwa gitaa la nyuzi tano, la sita ameutoa makusudi. Nyuzi zake hazipangwi kama kawaida. Zimelegezwa hivi kwamba ukizikung'uta bila kubonyeza popote, kodi kamili inatoka yenyewe.

"Babu, kuna namna ya kulipanga gitaa likaimba bila kubonyezwa."

"Likaimba nini?"

Swali hilo ndilo lililochukua saa nzima iliyobaki kabla ya jua kuzama, na inafaa kulieleza taratibu, kwa sababu Mwalimu alilielewa kwa njia ambayo video haikuitaja.

Nyuzi za gitaa la kawaida, kuanzia mnene wa sita mpaka mwembamba wa kwanza, zina herufi zake: E, A, D, G, B, E. Mwalimu herufi hizo anazifahamu juu juu tu. Yeye alifundisha kwaya kwa solfa, ule mtindo wa do re mi ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na kuletwa huku na wamisionari, na ambao mpaka leo wanakwaya wengi wa Tanzania husomea nyimbo zao. Akaomba gitaa lipangwe kwanza kama kawaida. Akausikiliza uzi wa tatu, ule wa G, akauita do. Kisha akazitaja zote kutoka mnene: la, re, so, do, mi, la.

"Unasikia? Hao ni watu sita wamekaa benchi moja, kila mmoja na habari zake. Wanaopatana ni hawa watatu wa katikati, so, do, mi. Wengine wako mbali kidogo."

"Sasa huyo wa kwenye video anawalegeza hao wengine."

"Re akilegezwa anakuwa do. La akilegezwa anakuwa so." Akanyamaza, akahesabu kwa kidole cha mkono mzima. "Hatua moja tu kila mmoja. Legeza."

Ule mnene haukuhitajika tena, ulikuwa bado kwenye pakiti. Ukiwekwa nao hulegezwa kutoka la hadi so, na kodi inabaki ile ile, lakini sauti ya chini kabisa inakuwa so. Ukiachwa, ya chini kabisa inakuwa do, ndiyo nyumba ya wimbo, na wimbo unatulia. Uzi wa tano ukalegezwa, wa kwanza ukalegezwa, vingine havikuguswa. Mjukuu akapitisha kidole juu ya nyuzi tano: do, so, do, mi, so. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Hapo kuna jambo dogo la mahali. Nyuzi za chuma hujivuta zikipata baridi, na sauti yake hupanda. Gitaa lililopangwa mchana wa Makanya halitakuwa sawa jioni ya Suji, na hili, lililopangwa saa kumi na moja, saa moja usiku lilikuwa limepanda. Wapigaji wa milimani wanajua, hupanga, husubiri, hupanga tena. Mwalimu alipanga mara tatu jioni ile kwa mkono wake wa kulia, akisikiliza sikio limeegemea ubao, na mjukuu akaambiwa azime ile programu ya kutyuni kwenye simu kwa kuwa inawapigia kelele.

Kodi moja haitoshi wimbo. Nyimbo nyingi za ibada hutembea kwenye tatu: ya do, ya fa na ya so. Katika gitaa lililopangwa hivi, tatu hizo ni mstari ulionyooka. Ukilaza kitu juu ya nyuzi zote kwenye freti ya tano, zote zinapanda pamoja na unapata fa, la, do. Ukienda freti ya saba, so, ti, re. Ukirudi wazi, umerudi nyumbani. Huhitaji vidole kufanya kazi tofauti tofauti. Unahitaji kitu kimoja cha kulaza, na mkono unaofumba kama mlango unaweza kushika kitu kimoja. Bibi alileta chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyokwisha, ameiosha. Gitaa likalazwa mapajani kama meza, chupa ikateleza juu ya nyuzi, ikagonga vyuma, ikalia vibaya, ikateleza tena, ikafika freti ya tano.

Walifungua Sabato kwa wimbo mmoja. Alikosea mara nyingi. Hakwenda kulala mapema.

Kulegeza nyuzi namna hii si jambo jipya, wala si la wazungu peke yao. Kule Hawaii, walipoletewa gitaa na wachunga ng'ombe kutoka Mexico miaka ya 1830, waliligeuza likawa lao kwa kulegeza nyuzi, na jina la upigaji huo kwa Kihawaii lina maana ya kulegeza ufunguo. Mwishoni mwa karne hiyo Joseph Kekuku, Mhawaii, akaanza kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, gitaa likiwa limelala mapajani, karibu sawa na Mwalimu na chupa yake ya kikohozi. Huku kwetu, mzee anayepiga nyatiti ya Kijaluo hana freti hata moja. Ana nyuzi nane, kila moja na sauti yake, na wimbo wote lazima upatikane katika namna alivyozipanga kabla ya kuanza. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Kenya wasichana wa Kikipsigis wakiimba kwa zeze lao wimbo unaomtaja Jimmie Rodgers, Mmarekani mpiga gitaa waliyemsikia kwenye santuri, na upatanifu wote unaosikika humo umetoka katika nyuzi zilizo wazi. Wapiga gitaa wa Kongo nao walikuwa na ujanja wao: walitoa uzi wa nne, wakaweka mwembamba unaolia juu zaidi, gitaa hilo likaitwa mi-composé, na ndilo linalong'ong'a katikati ya nyimbo nyingi za rumba ambazo wazazi wetu walicheza.

Lakini kisa kilicho karibu zaidi na Suji ni cha Joni Mitchell, mwanamuziki wa Kanada. Alipata polio akiwa na miaka 9, na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Kodi za kawaida zilimshinda. Akaanza kuzipanga nyuzi upya, namna moja kwa wimbo huu, nyingine kwa wimbo ule, ili mkono mdogo wenye nguvu kidogo upate sauti kubwa, na watu wakaja kumsifu kwa kodi za ajabu ambazo hawakuzisikia kwa mwingine. Mwaka 2015 aliugua tena, safari hii ubongoni, baada ya mshipa wa damu kuvimba. Alilazimika kujifunza upya kutembea, kisha kupiga gitaa, na amesimulia kwamba alitazama video zake mwenyewe ili aone vidole vilikuwa vinawekwa wapi. Mwaka 2022, akiwa na miaka 78, alisimama jukwaani Newport, Marekani, akapiga gitaa mbele ya watu.

Madaktari wa mishipa ya fahamu wanakichukulia kitu hiki kwa uzito. Ujerumani, timu ya Eckart Altenmüller, ambaye ni daktari na mwanamuziki, imewafanyisha wagonjwa wa kiharusi mazoezi ya mkono kwa vinanda na ngoma za umeme, kwa hoja kwamba sikio linausahihisha mkono papo hapo: ukikosea unasikia, huhitaji kuambiwa. Gitaa la mapajani la Suji halikuwa katika mpango huo, na halichukui nafasi ya vidonge vya presha wala ya mtaalamu wa mazoezi. Ila mtu anayefanya zoezi la kufumba na kufungua mkono mara 20 kwa kulazimishwa, kisha akaona mtu huyo huyo anateleza chupa kwa saa moja na nusu bila kuambiwa, anaelewa hoja ya Wajerumani bila kusoma ripoti.

Jumamosi, baada ya ibada na makande, ndipo tatizo la kweli lilipojitokeza. Bibi alitaka wimbo wake, ule anaoupenda, aliojifunza kwa mama yake. Wimbo huo ni wa huzuni, yaani wa maina. Na gitaa lililopangwa do, so, do, mi, so haliwezi kuhuzunika. Popote utakapolaza chupa, kodi inayotoka ni ya meja, ya furaha. Ukilaza freti ya tano ni furaha, ya saba ni furaha, ya kumi na mbili ni furaha ile ile, juu zaidi. Wapigaji wanaosifia mpangilio huu kwenye video huwa hawaanzi na kasoro hiyo, na ni kubwa. Umepata kodi bure, lakini umepata ya aina moja.

Mjukuu alitafuta kwenye simu, mtandao ukikatika kila wingu likipita. Njia ya kwanza aliyoipata ilikuwa kuulegeza uzi wa pili, wa mi, nusu hatua, gitaa zima likawa la maina. Skip James, mpiga bluzi wa Mississippi, alipanga lake kwa huzuni hivyo. Wakajaribu. Bibi akasikiliza, akasema huo sasa ni msiba, na hata wimbo wa harusi utakuwa msiba. Uzi ukarudishwa. Njia ya pili ilikuwa kutoukung'uta kabisa uzi wa pili. Bila mi, kodi haiwi ya furaha wala ya huzuni, inabaki wazi kama mlango uliorudishwa bila kufungwa, na mwimbaji ndiye anayeamua. Hiyo ilifaa mistari miwili ya kwanza. Ikawa kavu.

Mwalimu alikuwa kimya muda mrefu, gitaa mapajani, akitaja solfa chini ya pumzi.

"Maina nyumba yake ni la," alisema hatimaye, kwa sauti ya darasani. "La, do, mi. Sasa niambie, do ninaye?"

"Unaye, babu. Uzi wa tatu."

"Mi?"

"Uzi wa pili."

"Basi ninayemtafuta ni mmoja tu. La yuko wapi? La ni jirani wa so. So ni huyu wa nne. Kutoka so kwenda la ni hatua moja, freti mbili."

Akaweka chupa kando. Akanyanyua mkono wa kushoto kwa msaada wa wa kulia, akaleta kidole cha shahada, kile kinachosikia kwa taabu, akakibandika juu ya uzi wa nne kwenye freti ya pili. Kulaza kidole hicho juu ya nyuzi zote asingeweza, lakini uzi mmoja ni uzi mmoja. Kwa mkono wa kulia akagusa wa nne, wa tatu, wa pili, akaiacha mingine.

La, do, mi. Ilikuwa maina kamili, kwa kidole kimoja.

Sauti ya kwanza ilikuwa butu kwa sababu kidole hakikukaza. Ya pili ilikuwa butu pia. Ya tano au ya sita ilitoka. Akiinua kidole, so inarudi na furaha inarudi; akikibandika, la inaingia na nyumba nzima inabadilika, na nyuzi mbili nyingine hazijaguswa hata kidogo. Mwenye vidole vinne vizima, katika mpangilio wa kawaida, hubadilisha mkono wote kwa kazi hiyo na pengine asigundue kamwe kwamba kati ya furaha na huzuni kuna sauti mbili ambazo hazihami.

Bibi akaimba. Ubeti wa pili Mwalimu alichoka, kidole kikaanza kutetemeka, akaendelea kwa uzi wa tano peke yake, do, do, do, kama saa ya ukutani, mpaka ukaisha.

Gharama ipo, na ni haki kuitaja. Kodi zote alizozijua kwa miaka 40 hazipo tena mahali pake. Maina ya re haipatikani kwa kidole kimoja, na nyimbo zinazoihitaji itabidi zisubiri au zipigwe kavu. Nyuzi zilizolegezwa hukwaruza vyuma zikipigwa kwa nguvu. Mpiga gitaa wa kwaya akilichukua gitaa hilo atadhani limeharibika.

Jua la Jumamosi lilizama, biashara ikarudi kuwa halali, na simu ya mnunuzi ikaita muda si mrefu. Mjukuu alimtazama babu, babu akamtazama bibi. Hesabu ya dawa ilikuwa bado pale pale, shilingi 120,000, haikuwa imeimba wala kuhuzunika. Mjukuu akasema angetuma kila mwezi sehemu yake. Bibi akasema ahadi za vijana wa mjini anazijua.

Kuna utani wa siku nyingi kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wapare wenyewe ndio wanaoupenda zaidi.

"Yuko mbuzi," alisema bibi. "Yule beberu mkorofi. Jumatatu atashuka Makanya. Kesi ya gitaa imekwisha."

Jumapili asubuhi mjukuu aliteremka na begi tupu lile lile, katikati ya magunia ya maharage. Kwenye mfuko wa begi kulikuwa na pakiti yenye uzi mmoja mpya, ule mnene wa sita. Alikuwa amejaribu kuuacha, labda mkono ukipona, lakini Mwalimu alimrudishia, akasema amtafute mwenye gitaa Same amuuzie hata kwa shilingi 1,500, uzi mzima hautupwi. Zile nyuzi kuukuu tano bibi alishazichukua. Moja ilikuwa tayari inafunga mlango wa banda la kuku.